Bei kwa Kitaliano, sababu kwa Kigiriama: kisa cha paa la makuti Malindi

Nyumba yenyewe iko mtaa wa Shella, Malindi. Ni ya ghorofa moja, juu imeezekwa makuti, na mwenyewe ni nyanya mmoja mzaliwa wa hapo hapo. Chini anakaa yeye na mjukuu wake wa kiume. Juu amempangisha mama wa Kitaliano aliyeishi mjini miaka mingi, ambaye mtaa mzima unamwita Signora. Makuti yalikuwa yamechakaa na masika yanakaribia. Wakaafikiana kwamba Signora atoe pesa za kuezeka upya, kisha zikatwe kwenye kodi mwezi baada ya mwezi. Mjukuu akamleta fundi kutoka upande wa Ganda, Mgiriama, mtu anayejulikana kwa kazi hiyo.

Paa likaezekwa. Mvua ya kwanza ilipita salama. Masika yalipokolea, upande wa kusini ukabonyea katikati, maji yakasimama pale badala ya kuteremka, yakapenya hadi kitandani kwa Signora. Signora akazuia pesa zilizobaki. Fundi akasema amefanya kile kile walichopatana. Mjukuu akaapa kwamba hakuna alichomficha mtu. Nyanya akanyamaza.

Mzee wa mtaa aliwaita barazani baada ya swala ya alasiri, na mimi nikaitwa niandike makubaliano. Majina nayaacha, kwa kuwa wote ni majirani hadi leo, na kisa nakitoa kwa idhini yao. Nakitoa kwa sababu nimesikia kikisimuliwa mtaani kama kisa cha udanganyifu wa fundi, na sivyo kilivyokuwa. Ni kisa cha lugha: nani alimgeukia nani kwa lugha gani, na nani alisikia asiyodhaniwa kuyasikia.

Siku ya mapatano

Walikuwa watu sita kule juu: Nyanya, mjukuu, Signora, fundi na vijana wake wawili. Fundi alipofika alianza na Nyanya. "Shikamoo, Nyanya." "Marahaba, mwanangu, watu wa nyumbani hawajambo?" Akamgeukia Signora: "Buongiorno, Signora, tutto bene?" Mjukuu akagongwa gota na "Niaje." Vijana wakaambiwa kwa Kigiriama wasimamishe ngazi upande wa kivuli. Yote hayo yalikwisha kabla kahawa haijamiminwa, na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Hapa nisimame kidogo, maana kuna watu wakisikia mazungumzo kama haya husema lugha zimeharibika, watu hawajui tena Kiswahili wala chochote. Nakataa kabisa. Mtu asiyejua lugha hawezi kufanya alichofanya fundi. Kila salamu ilimfikia mwenyewe kwa lugha yake na kwa daraja yake: shikamoo kwa mkubwa, gota kwa rika, salamu ya kwao kwa mgeni. Mwaka 1980 mtaalamu Shana Poplack alichapisha utafiti wake juu ya Wapuertoriko wa New York wanaochanganya Kihispania na Kiingereza, na alichokuta ni kwamba wale waliobadili lugha katikati ya sentensi bila kuvunja sarufi ya upande wowote ndio waliozimudu vyema lugha zote mbili. Malindi jambo hilo linaonekana sokoni, stendi na ufukweni kila siku.

Haya, turudi juu. Fundi alipanda, akazitikisa pau moja moja, akaridhika nazo. Akavuta ufito, ukakatikia mkononi. Akavuta wa pili, nao vile vile. Akashuka, akampa mjukuu bei kwa Kiswahili: shilingi 65,000, ndani yake makuti, fito, kamba na ufundi.

Mjukuu akasema, "Punguza, fundi, hawa ni watu wetu."

Fundi akawageukia vijana wake, akasema nao kwa Kigiriama. Aliwaambia kwamba fito za kaskazini zitabadilishwa zote, za kusini zibaki zile zile, hivyo bei itashuka. Kijana mmoja akauliza kama zitahimili masika. Fundi akamjibu kwamba wakizibana vizuri kwa kamba zitashika angalau mwaka, na mwakani mwenye nyumba atakuwa na pesa nyingine. Kisha akamrudia mjukuu kwa Kiswahili: "Basi, 52,000. Chini ya hapo siwezi."

Mjukuu akamgeukia Signora. Kwa Kitaliano akamwambia fundi amekubali 58,000, na huo ni sconto mkubwa, yaani punguzo. Signora akauliza, bado kwa Kitaliano, kama fito zote zitakuwa mpya. Mjukuu akajibu "tutto nuovo", kila kitu kipya. Signora akatikisa kichwa kukubali, akatoa 30,000 za mwanzo, na mjukuu akamkabidhi fundi zote pale pale.

Tazama kilichotokea. Bei ilishuka kwa Kiswahili, ikapanda tena kidogo kwa Kitaliano, na sababu ya kushuka kwake ikabaki kwenye Kigiriama. Mjukuu hakujua habari ya fito, kwa kuwa Kigiriama kwake ni salamu tu. Aliposema kila kitu kipya alikuwa anarudia alichodhani. Fundi naye hakumficha mtu kwa nia ya kudhulumu. Kwake yeye, anayeomba kupunguziwa 13,000 papo hapo amekubali kwamba kuna kitu kitapunguzwa kwenye kazi. Kila mmoja aliondoka na mapatano yake, na yote yalikuwa na mantiki kwa lugha iliyoyazaa.

Nani alisikia nini

Kama kisa kingekomea hapo ningekiita kisa cha kutoelewana, na vya namna hiyo ni vingi. Lakini barazani yalitoka mambo mawili yaliyonifanya nikitazame upya.

La kwanza, fundi alikuwa amezisikia zile 58,000. Amejenga na kuezeka majumba ya Wataliano tangu ujana wake. Hajasoma Kitaliano popote, ila hesabu, vifaa na maneno ya bei anayajua barabara. Si ajabu hata kidogo kwa Malindi. Wataliano walianza kuja kwa wingi baada ya mradi wa anga wa San Marco kuwekwa Ngomeni, kaskazini ya mji, miaka ya 1960. Setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka kwenye jukwaa lao baharini iliondoka mwaka 1967, na ile iliyopewa jina la Uhuru ikaondoka tarehe 12 Desemba 1970. Baada ya wahandisi zikaja hoteli, baada ya hoteli majumba ya kibinafsi, na pamoja na majumba hayo ajira za upishi, ulinzi, useremala, bustani. Kitaliano cha Malindi kimefundishwa na kazi. Mtu anaweza asijue kukisoma kabisa, na asipitwe na neno hata moja linalohusu pesa.

Mjukuu alilisahau hilo. Amezoea kumwona fundi akisema naye Kiswahili, na salamu ile ya Kitaliano aliichukulia kama adabu ya kibiashara. Akaamini kwamba akigeuka upande wa Signora amehamia chumba kingine.

La pili ndilo zito. Nyanya alikuwa amesikia habari yote ya fito.

Alikulia karibu na mashamba, akicheza na watoto wa Kigiriama, na lugha yao anaisikia yote hata kama huisema mara chache. Hata asiyekulia nao akitega sikio atashika mengi. Kigiriama ni mojawapo ya lugha tisa za Mijikenda, na Mijikenda na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Wanaisimu huziweka pamoja katika kundi la Sabaki, pamoja na Kipokomo na lugha za Ngazija na visiwa vyenzake vya Komoro. Anayesema maji na anayesema madzi hawako mbali.

Sasa, kwa nini fundi alikuwa na uhakika kwamba Nyanya hasikii? Hili ndilo swali lililonikaa, na jibu lake halipendezi. Mgiriama wa Malindi hujua Kiswahili. Hana budi, ndicho cha soko, cha shule ya jirani, cha ofisini. Mswahili wa mjini kujua Kigiriama ni jambo asilotarajiwa, na kwa vizazi vingi wengine waliona kukijua ni kujishusha. Mtu aliyezoea kuona kwamba yeye ndiye anayejifunza lugha ya mwenzake, na mwenzake hajihangaishi na yake, atafanya nini? Ataifanya lugha yake mahali pa faragha. Fundi hakutukana mtu aliposema Kigiriama mbele ya Nyanya. Alikuwa anatumia faragha aliyopewa na dharau ya wengine. Nasema hivi nikiwa Mswahili wa mji huu, na nalisema kwa uchungu: yale mapatano yangekuwa mengine kama ingekuwa kawaida kwetu kumjibu Mgiriama kwa lugha yake.

Na kwa nini Nyanya hakusema? Alilieleza mwenyewe barazani bila kuulizwa mara mbili. Yale maneno hayakuelekezwa kwake. Mtu akiwageukia watu wake akasema nao lugha yao, amekutoa kwenye mazungumzo hayo kwa heshima, na wewe kuonyesha kwamba umesikia ni sawa na kukiri kwamba ulikuwa unadukiza. Alilelewa hivyo. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Fundi naye alinyamazia 58,000 kwa adabu ya namna nyingine: cha juu cha dalali ni jambo la dalali na mteja wake, fundi akipewa chake hana neno.

Basi pale juu palikuwa na siri mbili, na kila moja ilikuwa imesikiwa na mtu mwenye sababu ya kuizuia. Adabu ikawafunga midomo wote wawili.

Kugeuka na kugeukiwa

Mtaalamu Carol Myers-Scotton alifanya utafiti wake mwingi hapa Kenya, na hoja yake kuu inakifaa kisa hiki. Kila aina ya mazungumzo ina lugha inayotarajiwa, na mtu anapoiacha lugha hiyo akashika nyingine, anaomba uhusiano wa namna nyingine na anaosema nao. Kabla yake, mwaka 1972, Jan-Petter Blom na John Gumperz walieleza jambo la jirani na hilo kutoka mji mdogo wa Hemnesberget, Norway: mwananchi akifika kwa karani humjulia hali na watu wa nyumbani kwa lahaja ya pale, shughuli yenyewe ikianza wanahamia lugha sanifu. Kuhama huko kunatangaza kwamba sasa tunaingia kazini.

Ninachoongeza kutokana na baraza la Shella ni kuhusu wale wasiogeukiwa. Mtu akigeuza lugha anasogea kwa mmoja na kumpa kisogo mwingine kwa wakati ule ule. Katika salamu haidhuru, kwa kuwa kila mtu atafikiwa na zamu yake. Katika maelekezo ya kazi haidhuru: vijana wa fundi waambiwe kwa Kigiriama ngazi iwekwe wapi, nani ataumia? Madhara yalianza pale bei na sababu zake zilipotenganishwa, kila kimoja kikaenda kwa watu wake. Uamuzi uliowahusu watu wanne ukasemwa vipande vipande, na hakuna kipande kilichoelekezwa kwa wote wanne kwa lugha ya wote.

Lugha ya wote ilikuwepo. Signora anajua Kiswahili. Hakisemi vizuri, lakini anakisikia zaidi ya anavyokisema, na anakwenda sokoni peke yake. Mjukuu alimgeuzia Kitaliano kwa ukarimu, ndivyo mwenyewe alivyoona, na siyo uongo: kumsemesha mgeni lugha yake ni ukarimu. Lakini ukarimu ule ulimfanya yeye kuwa mlango pekee wa kupitia. Mkalimani akawa pia dalali, na dalali ana maslahi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa mshtakiwa haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha ya kesi, na mkalimani huyo hana fungu katika kesi yenyewe. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, huku kikilitaka taifa likuze lugha za wenyeji pia. Hayo ni ya serikali na mahakama. Barazani, dukani, kwenye ngazi ya nyumba, mkalimani ni mtoto wa nyumbani ajuaye lugha, na hakuna anayemuuliza ana nini ndani ya habari hiyo. Naona mji kama Malindi, wenye wakalimani wa namna hiyo kila uchochoro, umelichukulia jambo hili kirahisi mno.

Kikao

Mzee wa mtaa alifanya jambo moja la busara sana. Hakuuliza nani mwongo. Alimtaka kila mmoja arudie alichosema siku ile, kwa lugha ile ile aliyokisema, kisha akirudie kwa Kiswahili mbele ya wote.

Mjukuu alianza, na alipofika kwenye Kitaliano chake alisita. Mzee akamwambia Signora aseme kwa Kiswahili ni pesa ngapi amebakisha. "Mimi bado ishirini na nane," akasema Signora. Mzee akamuuliza fundi anadai ngapi. "Ishirini na mbili." Hakukuwa na haja ya kuuliza zaidi. Mjukuu aliangalia chini.

Fundi akafuata. Alirudia maneno yake kwa Kigiriama, kwa sauti, bila kupunguza kitu, kisha akayarudia kwa Kiswahili. Alipomaliza Nyanya akasema, "Ni kweli. Na mimi niliyasikia siku ile ile."

Fundi alikasirika, na sikumlaumu. "Kumbe ulisikia, Nyanya, na ukaniacha niitwe mwizi mwezi mzima?" Akaongeza neno kali zaidi: kwamba Nyanya alinyamaza kwa kuwa bei ndogo ilimfaa, maana pesa zikipungua kwenye paa hupungua pia zinazokatwa kwenye kodi yake. Mzee akataka kulizima. Nyanya akamzuia, akasema mtoto ana haki ya kuuliza.

Makubaliano niliyoyaandika yalikuwa haya. Fundi atazifungua fito zote za kusini na kuezeka upya upande huo bila kudai ufundi tena. Zile 6,000 za juu hazitakwenda kwa mjukuu; zitanunua fito, na makuti yaliyo mazima yatarudishwa. Zikipungukiwa, Nyanya ataongeza. Signora atamlipa fundi 22,000 zake mkononi kazi ikiisha. Mzee aliwataka wote wanne waseme kwa Kiswahili kile watakachotoa na watakachopata. Signora akasema, "Mimi kulipa fundi, mimi mwenyewe, mkono kwa mkono." Nikaliandika hivyo hivyo, halikuhitaji kusahihishwa.

Kuna majirani waliosema baadaye kwamba dawa ni kupiga marufuku Kigiriama na Kitaliano kwenye mapatano, watu waseme Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Sikubaliani nao. Fundi hawezi kufikiri na vijana wake juu ya ufito mbovu kwa lugha ya ugenini kwa sababu tu mteja yuko karibu, na Signora hatauliza maswali yote aliyo nayo kwa Kiswahili chake kichache. Waseme wanavyosema. Ila kabla pesa hazijatoka mkononi, bei, vitu na siku visemwe upya kwa lugha wanayoisikia wote, kila mmoja kwa mdomo wake. Mkalimani asiwasemee. Hili linachukua muda usiozidi wa kunywa kikombe cha kahawa, na lingeliokoa lile paa, godoro la Signora, na jina la fundi.

Limebaki suala la Nyanya, na mtaani bado linabishaniwa. Wapo wanaosema hakuwa na kosa, kwa kuwa neno lisiloelekezwa kwako si lako. Mimi naona alikuwa na kosa, ingawa ni dogo kuliko la mjukuu na dogo kuliko alilotuhumiwa na fundi. Hakunyamaza kwa ajili ya kodi: za kukatwa kwake zilikuwa 58,000 kamili, cha juu kikiwemo, na hilo hakulijua hadi siku ya kikao. Alinyamaza kwa adabu. Lakini paa lile ni lake, na chini yake alilala mpangaji wake. Angeweza kumjibu fundi kwa Kigiriama, neno moja tu kuhusu fito za kusini, na fundi angeligeuza shauri papo hapo bila mtu kuaibika. Nilimwambia hivyo. Akaniambia kwamba tangu mumewe afariki hakuwahi kusema Kigiriama mbele ya watu wa mjini, na kwamba fundi aliporudi kuezeka upande wa kusini, yeye mwenyewe alimsemesha Kigiriama fundi tangu alipopanda hadi aliposhuka, na mjukuu akaketi hapo anasikiliza.